Maji ya Wageni

Kazi yangu chuoni ni kupokea tasnifu. Mwanafunzi akishautetea utafiti wake, akafanya masahihisho na kuipeleka kazi kwa mtu wa kujalidi, anakuja kwangu maktaba, ghorofa ya chini, akiwa na jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu mgongoni. Wengine huliweka kaunta taratibu, wanalitazama kidogo kabla ya kuliachia. Wengine hulibwaga tu, kwa jinsi walivyochoka nalo. Mimi napima pambizo, naangalia sahihi za wasimamizi, nabandika namba, na mtu anaondoka akiwa huru.

Kwa kuwa idara zote zinapita mikononi mwangu, nimekuwa mtu wa kujua kidogo kidogo juu ya kila kitu. Watu wa akiolojia wananiletea punje za mpunga zilizoungua zamani za masultani, na sura nzima ya kueleza ziliungua vipi. Sayansi za bahari wananiletea pweza: anataga lini, anajificha wapi, mwamba ufungwe kwa muda gani ili akue. Isimu wananiletea majina ya viazi vikuu kwa Kimachinga na Kimatumbi, majina ambayo wajukuu wa wenye viazi hawayajui. Wahandisi wanapima chokaa iliyoshikilia kuta za magofu. Kilimo wanahesabu wadudu wa mikorosho huko Rutamba. Sheria wanauliza minazi ni ya nani ikiwa aliyeipanda si mwenye kiwanja. Kuna binti wa sosholojia aliyekaa Somanga kando ya barabara kuu akiwatazama wanawake wanaouza samaki wa kukaanga madirishani mwa mabasi, akaandika jinsi wanavyogawana mabasi bila kugombana. Mimi nimenunua samaki wale tangu nasoma sekondari na sikuwahi kuona mgawanyo wowote. Ningeapa kwamba walikuwa wanagombana.

Naipenda kazi hii, nisije nikaonekana mnung'unikaji. Kaunta ikitulia huwa nazifungua zile zinazohusu kwetu, maana mtu akikaa mbali na nyumbani hata takwimu za udongo wa nyumbani zinamfariji.

Kwetu ni Kilwa Kisiwani. Nyumba ya mama haiko mbali na pale boti za kutoka Masoko, mji wa ng'ambo upande wa bara, zinapoteremsha watu, na hilo peke yake limetosha kumfanya mama awe mtu wa vyuo vikuu. Mtafiti akishuka, awe wa miamba au wa ndoa, baraza ya kwanza yenye kivuli cha maana ni ile. Na mama hawezi kumwona mtu amesimama juani na begi mgongoni akamwacha apite. Atamwita, atamtandikia mkeka, atampa maji ya kunywa, na kabla mgeni hajamaliza kueleza katoka idara gani, muhogo umeshaanza kuchemka. Wakirudi chuoni wanaelekezana. Ndiyo maana mama amehojiwa na watu wa pweza, wa magofu, wa nyimbo za harusi, na hata wa korosho, wakati hana mkorosho hata mmoja.

Ndani ya tasnifu hana jina, kwa sababu utafiti huficha majina ya watu, na ni sawa. Anaitwa mhojiwa, mwanamke, mjane, mkulima. Lakini mimi namjua mama yangu. Nikikuta mhojiwa ameulizwa ana watoto wangapi akajibu kwamba watoto hawahesabiwi, na mwulizaji akaandika kwamba takwimu haikupatikana, nacheka peke yangu hadi mwenzangu wa kaunta anageuka kunitazama.

Kicheko kilikatika siku nilipopokea tasnifu ya idara ya afya ya jamii. Mwandishi wake alikwenda kisiwani kuchunguza kwa nini wanawake wa mtaa mmoja wanasumbuliwa mno na presha. Mtaa wenyewe ni wetu. Niliisoma kwa moyo wa mtu anayesoma habari ya mgonjwa wake, maana mama ni mmoja wao. Daktari wa Masoko alimkataza chumvi, naye akaiacha kabisa. Anakula samaki aliyechemshwa hana ladha, mchicha hauna ladha, anajilazimisha tu, na bado kila akipimwa presha iko juu. Daktari alifika mahali pa kumtania kwamba anaramba chumvi kwa siri. Mama hakuupenda utani ule.

Mwandishi yule alikuwa amefikiria maji. Aliandika kwamba maji ya kisima yangeweza kuwa chanzo, ila jambo hilo analiweka kando, kwa sababu utafiti wa awali wa idara ya uhandisi wa maji ulikwishakipima kisima cha mtaa ule na kukuta maji yake ni matamu, hayana chumvi. Basi lawama akaitupia kwa ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na mawazo mengi.

Nikairudia sentensi ile. Maji matamu, kisima kile. Nimekulia kwenye kisima kile. Sabuni haishiki povu, chai inakuwa na ladha ya kitu kilicholia ndani yake, na ukinawa uso ukauanika juani ngozi inakukaza. Tukiwa wadogo tuliamini kwamba watu wa Masoko ni wazuri kwa sababu wanaoga maji baridi ya bomba.

Nikaanza kuzunguka kwenye rafu. Tasnifu ya kilimo iliyohusu bustani za wanawake wa kisiwani ilieleza kwamba mchicha unageuka manjano na kufa. Na kwa kuwa maji ni mazuri, tatizo lazima ni mbegu, pamoja na uvivu wa kutia samadi. Ya idara ya biashara ilishangaa kwa nini wanawake wenye kisima kizuri wanalipa boti ziwavushie madumu ya maji kutoka Masoko, ikafikia uamuzi kwamba ni heshima: jirani akiagiza, na mimi niagize. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwa nguvu. Mama mwenye magoti mabovu anaagiza maji ng'ambo ili aringie majirani. Hata wa saikolojia, Mungu amsaidie, alikuwa amechunguza kwa nini wakazi wanalalamikia ladha ambayo haipo.

Kila mmoja alikuwa mtu makini. Kila mmoja, ukifuata rejea zake hadi mwisho, alikuwa anaegemea jedwali moja katika tasnifu moja ya uhandisi wa maji. Niliichukua. Nilikumbuka hata kuipokea. Pambizo zake zilikuwa safi kabisa.

Siku chache baadaye mama alinipigia simu kunijulia hali, na katika kuzungumza akasema mradi wa maji umepita. Wataleta bomba kutoka ng'ambo na kujenga matangi, ila wanaanza na vitongoji vyenye maji ya chumvi. Sisi tumewekwa mwisho, ikibaki fedha.

"Wamesema sisi tuna maji mazuri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka mazungumzo yaishie hapo.

Niliomba likizo. Sikumweleza bosi mengi, nilisema mama anaumwa, na haikuwa uongo.

Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza safari, akaniuliza wajukuu, kisha nikachukua mbuzi nikaendelea kukuna mimi ili apumzishe mikono. Hapo ndipo nilipomwuliza kama anamkumbuka kijana aliyekuja kupima maji.

"Namkumbuka. Mpole. Alipenda pweza."

"Alipimaje kisima?"

"Alinipa chupa. Safi, ina kifuniko cha bluu. Akasema, mama, naomba maji mnayotumia. Nikamwambia kaa, mwanangu, nitakuletea. Saa zile wanawake wako kisimani, wengine wanafua, wengine wanaoga na khanga moja. Nimpeleke mwanamume mgeni akasimame pale?"

"Kwa hiyo ukaenda kuchota wewe."

Mama akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Mama."

"Nilifika mpaka mlangoni," akasema. "Nikaona haya."

Inabidi nieleze kitu hapa. Kwetu kila nyumba inayojiheshimu ina mtungi wa wageni. Unakaa kwenye kona yenye baridi, umefunikwa, na ndani yake ni maji ya Masoko, yaliyovuka na boti kwenye dumu. Watu wa nyumbani hawayanywi. Sisi tulichapwa kwa kuyagusa. Unaweza kukaa wiki nzima unakunywa chumvi huku mtungi umejaa, kwa sababu huwezi kujua nani atapiga hodi. Ukimpa mgeni maji ya kisima umemwambia kwamba hukumtarajia na kwamba hana thamani kwako. Sijui mwanamke hata mmoja pale mtaani ambaye angefanya hivyo.

"Nimtilie mtoto wa watu maji yale kwenye chupa yake," mama akasema, "ayabebe mpaka Dar es Salaam, awaonyeshe wenzake? Aseme, ile nyumba niliyokula wali, wamenipa maji haya? Nikachota mtungini. Nikaisuuza na chupa vizuri, kama alivyosema."

Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kukuna nazi mpaka nikafika kwenye kifuu. Idara nne zilikuwa zimejenga juu ya adabu ya mama yangu. Maabara ya chuo ilipima kwa uangalifu mkubwa maji ya bomba la Masoko, ikayasifu, na hao wote wakaenda na sifa ile hadi kwenye presha yake mwenyewe, mchicha wake mwenyewe na foleni yake mwenyewe ya kupata bomba.

Nikamwambia yote hayo. Nilimweleza pole pole, kwamba chupa ile ndiyo imeuweka mtaa mwisho, na kwamba inawezekana kabisa chumvi anayoitafuta daktari iko kwenye kikombe chake cha chai. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikamwambia dawa yake ni ndogo: amwambie yule kijana ukweli.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni afya yako."

"Nitamwambia nini? Kwamba nilimkaribisha kwangu nikamdanganya? Na watu wote wasikie? Uzee huu?" Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Watamnyang'anya shahada yake?"

Nilisema sijui, kwa sababu sikujua.

"Basi mwache. Amesoma kwa shida yule, alinieleza. Mama yake anauza vitumbua. Mimi chumvi nimeizoea."

Hapo ndipo hasira ilinipanda, na sioni haya kuisema. Sikumkasirikia mama kwa kuwa na adabu, maana adabu yenyewe ninayo, alinichapia. Nilikasirishwa na lile neno lake, nimeizoea. Nilimtazama miguu iliyovimba, nikatazama dawa zake zilizopangwa dirishani, nikaamua palepale jikoni kwamba jambo hili litanyooka mama akiwa hai, hata kama itabidi nichukiwe na watu wa pande zote mbili za bahari.

Niliporudi chuoni nilimtafuta yule kijana. Sasa ni mhadhiri, ana mlango wenye jina lake na watu wanasubiri nje kwenye benchi. Nikasubiri nao. Siku ya kwanza alikuwa kwenye kikao. Siku iliyofuata alikuwa maabara. Nikawa nakwenda saa yangu ya chakula na kitafunwa changu mkononi, nakaa benchi lile, wanafunzi wakadhani mimi ni mzazi wa mtu.

Alipopatikana alinipokea vizuri. Nilipomtajia kisima alitabasamu, akasema anaukumbuka ule wali. Nilipomwambia maji yale ni ya chumvi, tabasamu likapungua.

"Dada, vipimo vya maabara vilikuwa sahihi. Nilivirudia mwenyewe."

"Vilikuwa sahihi," nikasema. "Ulipima maji ya Masoko."

Nikamweleza mtungi. Alinielewa haraka kuliko nilivyotarajia, maana naye ni mtu wa pwani, wa huko Lindi, na kwao mtungi upo. Nilimwona anakumbuka. Macho yalihama kutoka kwangu yakaenda kwenye ukuta.

"Nilitakiwa kuchota mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimeshiba. Boti ilikuwa inaondoka."

Nilizitoa zile tasnifu nyingine kwenye mfuko wa plastiki, ya afya, ya kilimo, ya biashara na ile ya ladha isiyokuwepo, nikaziweka mezani kwake zikiwa na vipande vya karatasi kwenye kurasa zenyewe. Alizisoma akiwa amesimama. Hakuwa amewahi kuiona hata moja. Jengo lao na jengo la afya yanatazamana, watu wake wanakunywa chai kwenye kantini ileile, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jedwali lake linatembea. Alipofika kwenye ile ya afya alikaa.

"Huyu mhojiwa mwenye presha ni mama?"

"Ndiye."

Akaifunga ile tasnifu. Kisha akanieleza shida yake, na ilikuwa shida kweli. Tasnifu ya uzamivu anayoiandika sasa imesimama juu ya visima vilevile. Akikiri kosa la kimoja, wataanza kuuliza vingine. Akaniomba nimpe nafasi afikiri.

"Fikiri," nikasema. "Mimi niko kaunta kuanzia asubuhi."

Akafikiri kwa muda mrefu mno. Nikawa namsalimia kila mahali. Kantini namsalimia, kwenye ngazi namsalimia, siku ya mahafali namsalimia akiwa na joho. Sikumtajia kisima, nilimwuliza tu hali na yeye akaniuliza ya mama, na kila mara nilimjibu ukweli: presha haijashuka. Nilijua namtesa. Nilikusudia kumtesa. Mtu mwenye roho mbaya angenizoea akapita, ila huyu kila nikimjibu alikuwa anapungua.

Asubuhi moja alikuja kaunta mwenyewe, kabla sijawasha hata kompyuta. Akasema amemwambia msimamizi wake. Msimamizi akamwambia akapime upya, aandike masahihisho na kuyatuma kwa kila idara iliyotumia jedwali, na matokeo ayawahishe kwa watu wa mradi kabla hawajaanza kuchimba mitaro. Visima vingine vyote alikwishaviangalia kwenye kumbukumbu zake. Huko alichota kwa mkono wake. Ni kwa mama tu ndiko alikohudumiwa.

"Afisa wa mradi anataka kuja ashuhudie," akasema. "Mama atakubali nikafike kisimani?"

Nilimpigia mama mbele yake, nikamweleza kila kitu, nani anakuja na kwa nini. Nilisubiri anikatalie.

"Mgeni anakaribishwa," mama akasema, akakata simu.

Tulisafiri pamoja. Alipita njia nzima akitazama dirishani, na tulipofika Somanga nikamnunulia samaki, akamshika mkononi hadi Nangurukuru bila kumla. Masoko tulimkuta afisa wa mradi, mama mmoja wa makamo mwenye kofia ya ukindu na sauti ya mwalimu, tukapanda boti ya mashine na madumu ya maji ya watu yamejaa miguuni petu. Afisa aliyatazama yale madumu yakipakuliwa upande wa pili na wanawake wakigawana kuyapokea.

Mama alikuwa amejiandaa kwa sikukuu. Baraza imefagiwa, mkeka ni ule mpya, yeye mwenyewe amevaa khanga za doti nilizomletea Idi. Mama mdogo alikuwepo, majirani walikuwepo, mtendaji wa kijiji alikuwepo na kalamu mfukoni. Kutoka ndani ilikuja harufu ya pweza wa nazi. Nikajua kinachokuja: tutakula, tutashiba, watapewa maji ya mtungi, kila mtu atasifu kila kitu, na mambo yatakwisha kwa adabu kama yalivyoanza.

Kijana alivua viatu, akamwamkia mama kwa kuinama.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Chuo hawakulishi?"

"Wananilisha, mama."

"Kaa."

Akakaa. Chupa zake alizipanga pembeni ya mkeka, tupu, zina vifuniko vya bluu. Hakuna aliyezitazama. Akakohoa, akaanza kusema kwamba amekuja kwa sababu safari ile ya kwanza yeye mwenyewe alifanya kosa, hakufuata utaratibu, na anaomba radhi kwa mama na kwa mtaa. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anaibeba yote yeye, ili mama asiguswe. Mtendaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa inatosha kabisa. Angeruhusiwa kuchota, na mama asingelazimika kufungua mdomo. Nilianza kushusha pumzi.

Mama akanyanyuka akaingia ndani. Nikasikia anapita jikoni, akatokea mlango wa uani, na kupitia upenyo wa makuti nikamwona anakwenda zake kwa yale magoti yake, jagi mkononi, njia ya kisimani. Mama mdogo alinitazama. Mazungumzo ya barazani yakaendelea kinyonge, kuhusu bei ya pweza, kisha yakafa.

Aliporudi alikuwa anahema. Alikuwa ameshika jagi lenye maji na kikombe cha kauri, kile cha maua kinachotolewa kwa wageni tu. Akamimina mbele ya watu wote, akamkabidhi kijana kwa mikono miwili.

Jirani mmoja akajifunika mdomo na khanga. Kila mwanamke pale alijua maji yale yametoka wapi.

Kijana akakipokea kikombe. Naye alijua. Akanywa, na hakuacha katikati, akanywa yote mpaka chini, uso wake umetulia. Akakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Ahsante, mama," akasema. "Maji mazuri."

Ilikuwa heshima kubwa, na kwa namna alivyoisema najua aliitoa moyoni. Mtu mwingine yeyote wa kwetu angesema vilevile. Mama akakishikilia kile kikombe, na machozi yakaanza kumtoka bila ya yeye kuyafuta.

"Mwanangu," akasema, "siku ile nilikupa ya mtungini. Nilikuonea haya. Nikakudanganya, na wewe ni mgeni wangu. Sasa na wewe usinidanganye nyumbani kwangu. Sema maji haya uliyokunywa yakoje."

Kijana akainamisha kichwa.

"Sema."

"Ya chumvi, mama."

"Huyu mama wa mradi hajasikia."

Akainua kichwa akamgeukia afisa. "Ya chumvi," akasema kwa sauti. "Hayanyweki."

Mama akaweka kikombe chini, akaokota chupa moja kwenye mkeka, akampa. Kisha akatangulia yeye mbele kwenda kisimani, akiwapigia wanawake kelele kutoka mbali kwamba wajifunge vizuri, anakuja mwanamume kuchota maji.